Je, Ni Uvivu Kutazama Mwanga?



Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo dogo, ambalo wengi hawalihesabu kuwa jambo la kufundishwa. Nalo ni hili: je, mtu maskini mwenye kazi nyingi ana ruhusa ya kusimama kidogo, kutazama mwanga wa jua na vivuli vyake, na kuufurahia uzuri huo? Au huo ni uvivu, na upotevu wa wakati aliopewa kwa kazi?

Swali hili sikulitafuta mimi. Lililetwa kwangu na mtoto wa shule, kisha na baba yangu mzazi, na mwisho na mama mmoja wa darasa la wakatekumeni. Nitawasimulia kwa utaratibu, nanyi mtapima wenyewe.

DUARA JUU YA SAKAFU

Nafundisha katika shule ya msingi ya misioni, katika kijiji kilichoko kusini ya Uvira, mahali ambapo milima ya Mitumba inashuka karibu kabisa na Ziwa Tanganyika. Darasa langu limeezekwa kwa mabati ya zamani. Misumari mingine imetoka, nayo imeacha matundu madogo. Mvua ikinyesha, twayalaumu matundu hayo. Jua likiwaka, kila tundu linashusha mstari mwembamba wa mwanga, na mwisho wa mstari huo kuna duara jeupe juu ya sakafu ya udongo.

Asubuhi moja nalikuwa nikifundisha hesabu. Nikamwona mvulana wa miaka kumi ameinama chini ya dawati, wala hautazami ubao. Nikamwendea kwa hasira, nikamwinua kwa mkono, nikamwuliza mbele ya wenzake: "Umeacha hesabu ili uchezee vumbi la sakafu?" Watoto wote wakacheka. Mvulana akajibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, linatembea." Sikutaka kujua ni nini kinachotembea. Nikamwamuru asimame pembeni hadi kengele ilipolia.

Watoto walipokwisha kutoka, nikaenda kutazama mahali pale. Kumbe mtoto yule alikuwa ameweka alama za chaki juu ya sakafu, moja baada ya nyingine, kila mahali duara lilipokuwa limefika. Alama zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa vizuri katika mstari mmoja. Duara lenyewe lilikuwa limekwisha kuipita alama ya mwisho. Nikachuchumaa, nikalikodolea macho. Ni kweli, lilikuwa likitembea, polepole na bila kusimama, kama mtu anayekwenda safari ndefu na kujua njia yake. Miaka saba nimefundisha katika chumba hicho, wala sikupata kuliona hata siku moja.

Nikaona haya. Mtoto alikuwa akipima mwendo wa dunia kwa kipande cha chaki, nami nilimwadhibu kwa ajili ya hesabu. Kesho yake nikamwomba msamaha mbele ya wenzake wote, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomdhalilisha. Kisha tukaacha vitabu, tukapima duara lile sisi sote. Tuliona kwamba katika kila dakika lilisogea zaidi kidogo ya sentimita moja.

YATUPASA KUJUA TUNACHOKITAZAMA

Mtu hawezi kukipenda vema kitu asichokijua. Kwa hiyo nitaeleza maneno machache juu ya mwanga na kivuli, kama nilivyowaeleza watoto siku ile.

Jua liko mbali nasi kadiri ya kilomita milioni 150. Mwanga wake unakwenda kasi sana, karibu kilomita 300,000 katika sekunde moja, lakini kwa sababu ya umbali huo unatumia dakika nane na zaidi kidogo kabla ya kutufikia. Basi mwanga unaoanguka sasa juu ya mkono wako ulitoka kwenye jua wakati ulipokuwa ukifanya kazi nyingine, pengine ukifunga mlango au ukimwita mtoto. Umesafiri njia hiyo yote, na mwisho wa safari yake ni mkono wako.

Na kwa nini alama ya mwanga sakafuni ni duara, ingawa tundu la msumari limechanika vibaya na halina umbo zuri? Ni kwa sababu duara lile si picha ya tundu. Ni picha ya jua lenyewe. Tundu dogo linaupitisha mwanga wa kila upande wa jua, na mwanga huo unalichora jua zima chini. Vivyo hivyo chini ya mwembe: nafasi ndogo zilizo katikati ya majani zinachora maduara mengi juu ya ardhi, na kila moja ni sura ya jua.

Mimi mwenyewe nililithibitisha neno hili tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Asubuhi ile mwezi ulipita mbele ya jua, na hapa kwetu sehemu kubwa ya jua ikafunikwa. Wengine walitaka kulikazia macho, jambo lenye hatari kubwa, maana laweza kuharibu jicho la mtu kwa maisha yake yote. Mimi nilitazama chini. Na huko chini ya mwembe, maduara yote yalikuwa yamegeuka kuwa miezi michanga. Palikuwa na miezi mia na mia, juu ya majani makavu, juu ya mkeka, juu ya mgongo wa mbuzi aliyefungwa pale. Mbuzi alikuwa akila, hana habari ya utukufu alioubeba.

Sasa tuje kwenye kivuli. Wengi wenu mmezoea kusikia kwamba mwanga ni wema na giza ni uovu, nanyi mmedhani kivuli ni mtoto wa giza. Angalieni vizuri. Mtu akikaa kivulini wakati wa mchana, unamwona uso, unaona hata kope zake. Aweza kusoma kitabu. Mwanga unaingia mle kivulini kutoka mbinguni upande wote, na kutoka ukutani, na kutoka ardhini penye jua. Kwa hiyo kivuli si giza. Kivuli ni mahali palipopungukiwa na mwanga wa jua lenyewe, kwa kuwa kitu fulani kimesimama njiani. Tena panapokosekana mwanga hapawezi kuwapo kivuli. Usiku usio na mwezi, zima taa nyumbani, kisha ukitafute kivuli chako: hukipati. Anayeona kivuli amekwisha kupata ushahidi kwamba mwanga upo nyuma yake.

Lugha yetu nayo yatufundisha. Umbo jeusi linalotufuata njiani twaliita kivuli. Na mahali pa mti ambapo msafiri anatua mzigo na kupumzika, hapo pia twapaita kivuli. Jina ni moja. Wazee waliotuachia neno hilo hawakuwa na hofu nalo.

SIKU MOJA KIJIJINI PETU

Tuseme sasa juu ya mambo tuyaonayo kila siku, maana sihitaji kuwapeleka nchi za mbali. Wazee walisema: penye miti hapana wajenzi. Sisi nasi tumekaa katikati ya uzuri, na wajuzi wa kuutazama hatuna.

Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi, nyuma ya milima ya ng'ambo. Lakini mwanga wake hautufikii sisi kwanza. Unagusa vilele vya Mitumba vilivyo juu yetu, wakati kijiji kingali katika ubaridi. Kisha unashuka. Unapita mashamba ya mihogo ya juu, unapita migomba, unafika msalaba wa kanisa, unafika paa la shule, na mwisho unafika ziwani. Mama afagiaye uani wakati huo anatimua vumbi, na jua likipenya katika vumbi lile, waona mistari ya mwanga imesimama kama nguzo. Tafakarini neno hili: mwanga unaopita mbele yetu katika hewa safi hatuuoni. Twauona pale unapokutana na kitu, hata kama kitu hicho ni vumbi la ufagio.

Saa sita ya mchana vivuli vinafupika. Na hapa kwetu, mara mbili kwa mwaka, kabla ya katikati ya mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua linasimama juu ya kichwa kabisa. Simamisha fimbo wima siku hizo, nawe utaona kivuli chake kimejificha chini yake. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri kinaelekea kusini, na mwezi wa Desemba kinaelekea kaskazini. Mwenye fimbo na subira ana kalenda uani kwake.

Jioni mambo yanageuka. Jua linajificha mapema nyuma ya Mitumba, na kivuli cha mlima kinashuka kijijini kwa njia ileile mwanga ulioshukia asubuhi. Kinafunika nyumba zetu, kinaingia ziwani, na maji yanabadilika rangi. Sisi tumo kivulini, lakini ng'ambo, milima ya Burundi ingali inawaka kwa rangi ya chungu kipya. Kivuli kinakwenda juu ya maji mpaka kinawafikia na wao. Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma majani na hewa imejaa moshi, jua lenyewe linakuwa jekundu, hasa linapokuwa chini, kwa maana mwanga wake umepita katika hewa nyingi na moshi mwingi kabla ya kufika machoni petu.

Na usiku wavuvi wa ndagala wanatoka na taa zao. Zamani zilikuwa taa za mafuta, siku hizi nyingi ni za betri. Samaki wanaufuata mwanga, nao wavu unawangoja. Ukisimama ufukweni usiku wa giza, waona taa nyingi juu ya maji kama mji uliojengwa jioni ile. Lakini mwezi unapojaa, taa hizo zinapoteza nguvu, kwa kuwa ziwa lote limejaa mwanga na samaki hawana sababu ya kukusanyika. Hapo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakaa na watoto wao. Hivyo mwezi mpevu ndio unaowapa wavuvi siku zao za kukaa nyumbani.

SWALI LA BABA YANGU

Haya yote nayaandika leo kama mtu anayeyajua. Lakini sikuyajua kwa bidii yangu. Baba yangu ndiye aliyenilazimisha.

Baba alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Sasa ni kipofu. Ugonjwa wa macho ulimjia polepole, presha ndani ya jicho, na tulipompeleka hospitali, mganga alieleza kwamba mshipa wa jicho umekwisha kufa na hautafufuka. Nawasihi hapa, ndugu zangu: mtu akianza kuona pembeni pamefifia, asingoje miaka kama sisi tulivyongoja.

Katika mwaka wa kwanza wa upofu wake, nilipita kwake kila jioni kumpelekea chakula. Jioni moja akaniuliza: "Mwanangu, jua limefika wapi?"

Nikatazama simu yangu, nikamjibu: "Ni saa kumi na moja kasoro dakika tano, Baba."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sikukuuliza saa. Nimekuuliza jua limefika wapi. Kivuli cha mlima kimeuvuka mwembe wa shangazi yako, au bado?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeupita mwembe ule muda mfupi tu kabla yake, nikiwa na macho yangu mawili mazima, wala sikujua kama ulikuwa juani au kivulini. Nikatoka nje nikatazama, nikarudi, nikamwambia: "Kimefika kwenye shina, Baba. Matawi ya upande wa ziwa yangali na jua." Uso wake ukatulia. Akasema: "Basi vijana wanaanza kusukuma mitumbwi."

Tangu siku hiyo aliniuliza kila jioni, nami nilijifunza kutazama kabla ya kuingia, kwa sababu niliona aibu kumjibu mzee kwa uvivu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mambo ya mwanga niliyowaeleza. Niliyatazama kwa ajili ya mtu asiyeweza kuyatazama. Na jambo la ajabu ni hili: nilianza kumwona na baba mwenyewe. Zamani nilimwekea sahani nikaondoka. Sasa ilinibidi nikae, nitafute maneno, nimweleze kama maji yalikuwa ya kijani au ya rangi ya chuma, naye alinisahihisha, maana alilijua ziwa kuliko mimi. Tuliongea katika mwaka ule mmoja kuliko miaka ishirini ya nyuma.

MANENO YA WAPINZANI

Nilipowasimulia wakatekumeni mambo haya, mama mmoja mtu mzima alisimama. Alisema: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri kwa watu wanaokula mara tatu kwa siku. Mimi naamka kabla ya jogoo, napanda mlimani, narudi na mihogo na kuni kichwani. Shingo yangu haigeuki. Nitazame nini?"

Darasa likanyamaza, nami pia. Neno la mama yule ni la kweli, na yatupasa kulijibu kwa heshima.

Jibu la kwanza ni hili. Mwanga haujazi chungu, na mwenye kumwambia mwenye njaa "tazama jua linavyopendeza" bila kumpa chakula, huyo amemdhihaki. Na mwanamume anayerudi kutoka shambani mikono mitupu, huku mkewe nyuma yake amebeba kuni na mtoto, asithubutu kumwonyesha mke uzuri wa jioni. Kwanza autwae mzigo. Shingo ikifunguliwa, macho yatageuka yenyewe. Nilipolisema hilo, wanaume kadhaa walitazama chini, na akina mama wakapiga vigelegele.

Jibu la pili ni hili. Maskini asiambiwe kwamba uzuri si mali yake. Vitu vingi vizuri vina mwenyewe na bei. Nyumba ya matofali ina mwenyewe. Pikipiki ina mwenyewe. Nguo ya sikukuu yauzwa sokoni. Lakini mwanga wa asubuhi unaingia katika kibanda cha mjane sawasawa na nyumba ya mkubwa, na pengine katika kibanda cha majani unachora mapambo mazuri zaidi, kwa kuwa matundu ni mengi. Jirani akiufurahia, wewe hupungukiwi. Hakuna mtu aliyepata kwenda barazani kwa chifu kushitaki kwamba mwenzake ameutazama mwanga wake. Basi ukimwambia maskini kwamba hana haki ya kuufurahia, umemnyang'anya hata kile ambacho mwizi hawezi kukiiba.

Mama yule alirudi wiki iliyofuata. Akasema: "Mwalimu, nilipofika pale tunapotua mizigo, niligeuka. Jua lilikuwa mgongoni, na kivuli changu kilinitangulia njiani, kirefu kama mwembe, na mzigo wake kichwani. Nikacheka peke yangu. Miaka mingi nimepita hapo, sijawahi kucheka." Kuni zake hazikupungua uzito. Hilo yeye analijua kuliko sisi. Lakini hakusema tena kwamba haina maana.

SWALI LILILO GUMU ZAIDI

Lakini liko swali lililo gumu kuliko la njaa, nami nalileta kwa kuwa liliniumiza mwenyewe.

Katikati ya Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, na mto Mulongwe ukafurika mjini Uvira. Watu wengi walikufa, na maelfu walipoteza makao. Nilikwenda na wenzangu kusaidia kuondoa matope. Tulipofika, mawingu yalipasuka na jua likatoka. Maji ya matope, yaliyojaa mbao na vyungu na viatu vya watoto, yakang'aa yote kwa mara moja. Yalikuwa mazuri sana. Nikaona uzuri ule kabla sijaweza kujizuia, kisha moyo wangu ukanihukumu: unawezaje kuona uzuri juu ya maji yaliyoua watu?

Karibu nami palikuwa na mama aliyepoteza nyumba. Alikuwa akitandaza nguo zilizolowa juu ya ukuta uliobaki. Pengine aliniona nilivyoinamisha uso, maana aliniambia: "Baba, usilionee jua haya. Ndilo la kwanza lililokuja kunisaidia." Kisha akanipa ncha moja ya blanketi, tukalikamua pamoja.

Nimelifikiri neno lake miaka yote hii, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Mwanga hauchagui pa kuangukia. Unaangukia sherehe na msiba, na hauwi mbaya kwa sababu ya kile unachokiangaza. Jicho linaloona uzuri wakati wa msiba halijatenda kosa. Kosa laweza kuja baadaye, katika kile atendacho mwenye jicho. Kama ningesimama kando kuyatazama maji yale, au kutoa simu nipige picha ya kujisifia, huku mama akihangaika na blanketi lake, hapo ningekuwa nimetenda vibaya. Uzuri ungekuwa umenifukuza kwa jirani.

Basi kipimo ni hiki, nanyi mkishike: baada ya kutazama, miguu yako imekwenda wapi? Ukiwa umeutazama mwanga, kisha ukamsahau mwenzako, kutazama kwako kulikuwa kukimbia. Ukiwa umeutazama, kisha ukamwona mwenzako vizuri zaidi, ukamrudia kwa mikono iliyo tayari, kutazama kwako kulikuwa kwema. Jicho ambalo limezoea kuona jinsi jua linavyogusa ukuta, halitakawia kuona kwamba jirani amekonda, au kwamba mtoto wa darasani hatazami ubao kwa sababu amegundua kitu. Tena hakuna shukrani bila kuona. Twamshukuruje Muumba kwa siku ambayo tumeipita kama gunia lipitavyo juu ya kichwa cha mchukuzi?

MAMBO YA KUTENDA

Kwa kuwa mafundisho yasiyo na kazi husahaulika, nawapeni mambo matatu madogo kwa wiki hii.

Kwanza, chagua mti mmoja ulio karibu na mlango wako. Utazame asubuhi, adhuhuri na jioni, ujue kivuli chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Hili halichukui wakati kuliko kunawa mikono.

Pili, ukimwona mtoto ametulia akitazama kitu, usimkemee kabla ya kumwuliza anaona nini. Mimi nilianza kwa kukemea, na nimewaambia nilivyoaibika.

Tatu, mtafute mtu mmoja asiyeweza kutoka nje: mgonjwa, kipofu, mzee, mama aliyejifungua jana. Mweleze jinsi siku ilivyo. Usimwambie saa. Mwambie jua limefika wapi.

Na kwa mazungumzo yenu, jiulizeni maswali haya: Je, ni nani kijijini kwetu amebeba mzigo unaomzuia kuinua macho? Je, mimi naweza kuutwaa mzigo huo kwa njia gani? Ni kitu gani kizuri nimekipita leo bila kukiona?

Nimalize kwa habari ya yule mvulana wa chaki. Nyumba yao iko jirani na ya baba yangu. Siku nilizochelewa kwa kazi za shule, nilihofu kwamba mzee atakaa na swali lake bila mtu wa kumjibu. Jioni moja nilipokaribia, nikasikia sauti ya mtoto uani ikiita: "Babu, kimefika kwenye shina!" Na sauti ya baba kutoka ndani ikajibu: "Vema, mjukuu wangu. Na maji yana rangi gani?"

Nikasimama nje kidogo, nisiwakatize. Mvulana alikuwa ameligeukia ziwa, akitafuta jibu.